Msumeno wa Watu Wawili

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja wa jua kali kule Msambweni, miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimeketi juu ya gogo la mkorosho nikifuta unga wa mbao kwenye injini, na mzee niliyekuwa nikifanya naye kazi alikuwa ameinamia mnyororo na tupa yake. Binti ya mzee huyo akaingia uani akampa babake habari ambayo hakuna mzazi angependa kupewa. Babake akainua uso, akatabasamu, akasema, "Vyema, mwanangu, vyema." Neno lile limekaa nami mpaka leo.

Lakini nisikimbilie huko. Mtu mzima huanza mwanzo, hata kama wasikilizaji wanatazama nje.

Idi iliyopita ulisimama mlangoni kwangu ukaniomba ule msumeno wa mashine uliofunikwa gunia nyuma ya nyumba. Nilikwambia nitakujibu, na jibu langu ndilo hili. Nimeliandika kwa sababu masikio yangu siku hizi hayanipi hata nusu ya ninayoambiwa, na jambo hili sipendi tulizungumze nusunusu.

Msumeno huo, ambao sisi tukiuita pawa, ulikuwa wa kizamani hata siku zile. Haukuwa kama hii midogo ya leo ambayo kijana huinyanyua kwa mkono mmoja huku akivuta sigara. Injini yake ilikuwa kubwa kama ya pikipiki, na ule ubapa wa chuma unaozungukwa na mnyororo ulikuwa mrefu kama kitanda cha mtoto. Mtu mmoja alishika upande wa injini, na kwenye ncha ya ubapa palikuwa na mpini wa mtu wa pili. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hakati gogo kwa pawa ile.

Mwenyewe alikuwa Mzee Mwero, Mduruma wa bara, aliyeteremka pwani akiwa kijana kuendesha msumeno katika kiwanda cha mbao cha mzungu mmoja huko Shimba Hills. Uhuru ulipokaribia, yule mzungu alifunga kiwanda akarudi kwao, akamwachia Mzee Mwero misumeno miwili ya namna moja. Mzee akahamia ukingoni mwa Msambweni, akajenga kibanda, akawa anakata kuni za tanuri la mikate, za wachoma chokaa wa Gazi, na za mapishi ya harusi. Tulikata mikorosho iliyozeeka na miembe iliyoangushwa na upepo katika mashamba ya watu. Msitu wa kaya, ule mtakatifu wa wazee, hatukuugusa, wala tawi lililojiangukia humo hatukuliokota.

Mkewe, Mbeyu, alikuwa amekwisha kufariki. Binti yake wa pekee, Umazi, alikuwa ameolewa Mwangulu, huko bara kavu nyuma ya Lungalunga. Mzee aliishi peke yake, na watu walimwacha hivyo hivyo, kwa kuwa walimwona mtu wa kiburi. Ukimsalimia njiani alipita. Ukimwuliza kuni ngapi, alijibu marahaba. Mwenye tanuri alisema yule Mduruma amelewa umeneja wa mzungu. Nami nilipokwenda kuomba kazi, baada ya kuchoka kukata miwa Ramisi, mjomba wangu alinionya kwamba mzee yule hana mazungumzo.

Kweli hakuwa nayo. Lakini kazi aliijua. Kila jioni, kabla ya kutia chochote kinywani, aliifungua pawa. Chujio la hewa alilisugua kwa brashi na petroli mpaka unga wa mbao umetoka wote. Plagi aliitoa akaitazama rangi. Ikiwa nyeusi, oili imezidi. Ikiwa nyeupe, injini inachemka. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, alhamdulillahi, tulale. Meno ya mnyororo aliyanoa jino moja moja, ya upande mmoja kwanza kisha ya upande wa pili, akiisukuma tupa mbele tu, kwa sababu tupa inayorudi nyuma juu ya jino hulila badala ya kulinoa. Spea hazikuwapo Mombasa wala Nairobi. Basi msumeno mmoja ulifanya kazi na wa pili ukatoa viungo vyake kimoja kimoja kuulisha ule mwingine, kama mama.

Jambo moja lilinistaajabisha. Injini ikiugua, mafundi wote niliowaona huinamisha sikio. Mzee Mwero aliweka kiganja juu ya tangi, akafumba macho, kisha akasema ni plagi au ni kabureta. Nilidhani huo ndio ustadi wenyewe.

Na tukiwa kazini tulizungumza kwa mpini. Akivuta mara moja, tusimame. Akivuta mara mbili, tuinue. Akisukuma, mti unataka kuja, toka. Mashine ikinguruma sote wawili tulikuwa viziwi, na kwa saa zile sikuona mtu mwenye raha kama yeye. Aliniangalia usoni, alicheka, alijua ninachotaka kabla sijakitaka. Ikizimwa tu, uso wake ulifungika kama dirisha. Mimi nilirudi kwa wenzangu Gazi kupiga soga, naye akabaki na kibatari chake.

Sasa turudi kwenye mchana ule.

Umazi alipiga hodi mara tatu. Babake hakuinua kichwa. Niliitikia mimi, nikampa kigoda na kikombe cha maji. Alikuwa ametoka mbali, miguu yake ina vumbi jekundu mpaka magotini, na macho yake yalikuwa makavu kama ya mtu aliyekwisha kulia yote huko atokako. Mzee alipoona kivuli chake alimkaribisha kwa furaha, kisha akarudi kwenye tupa, maana alikuwa katikati ya jino. Umazi akasema, akiutazama mnyororo uliolala juu ya paja la babake.

"Baba, Mbeyu hatunaye. Surua ilimchukua. Tulikutumia mtu, hukuja mazikoni, hukuja matangani. Nimekuja nikuulize nimekukosea nini."

Mzee aliinua uso wakati kinywa cha bintiye kimekwisha kufumba. Ndipo alipotabasamu. Ndipo aliposema vyema, mwanangu, vyema, kunywa maji upumzike.

Umazi alikiweka kikombe chini bila kukimaliza, akajitanda leso yake, akaondoka.

Mwanangu, kuna mambo ambayo mtu huwa anayaona kila siku asiyajue, mpaka siku moja yanasimama yote pamoja mbele yake. Zile marahaba zisizo na shikamoo. Kile kiganja juu ya tangi. Hodi tatu. Nilielewa kwamba mzee yule hakuwa na kiburi hata chembe. Alikuwa haisikii dunia. Na yule mtu aliyetumwa, nakumbuka nilimpita njiani siku nilipotoka kununua petroli, bila shaka naye alisema yake, akatikisiwa kichwa, akaenda zake.

Nilimfuata Umazi hadi njia panda. Nilitaka kumwambia, kisha miguu ikakataa. Siri ya mtu mzima nisingeweza kuimwaga njiani kabla mwenyewe hajaitoa. Nikarudi, nikachuchumaa mbele ya Mzee Mwero, nikaishika tupa mkononi mwake. Alikunja uso, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumgusia tupa yake.

"Mzee, Umazi amesema nini?"

Aliangalia midomo yangu. "Mambo ya nyumbani," akajibu.

Nikasema polepole, uso kwa uso, "Mbeyu amefariki."

"Najua," akasema. "Ni miaka mingi."

Alidhani namtaja mkewe. Mtoto alikuwa amepewa jina la bibi yake, kama ilivyo desturi yao. Ikanibidi niseme tena, na hadi leo sijabeba gogo zito kama maneno yale. "Si mkeo, mzee. Mjukuu wako."

Hakulia. Aliyatazama meno ya mnyororo, yale aliyokwisha kuyanoa na yale ambayo bado. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Nami nilimjibu nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia.

Kesho yake tulipanda basi la Lungalunga, tukashuka, tukaingia bara kwa miguu katika vichaka vya miiba na vumbi. Alivaa koti lake la pekee.

Umazi tulimkuta anatwanga mahindi. Alituona, akaendelea kutwanga. Mzee alisimama mbele ya kinu, mikono imening'inia kama mtu aliyepokonywa mzigo.

"Umazi, jana sikukusikia," akasema.

"Hukutaka kunisikiliza," bintiye akajibu.

"Sikusikia. Masikio yangu yamekufa. Sema ukinitazama."

Mchi ukasimama. Sidhani kama alikuwa amewahi kumwambia mtu yeyote neno lile, hata marehemu mkewe. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye kilichomuumbua hakikuwa kifo chake, kilikuwa cha mtoto.

"Tangu lini?" Umazi akauliza.

"Tangu mamako angali hai. Kidogo kidogo."

Akafikiri. Nilimwona akihesabu moyoni mambo ya miaka yote, moja baada ya jingine. Kisha akauliza taratibu, bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira, "Basi hata siku niliyokwambia sitaki kuolewa huku, hukunisikia?"

"Niliona unalia," mzee akasema. "Nilidhani unalilia kuondoka nyumbani."

Niliona haya kuwapo. Nilitamani ardhi inifiche. Mumewe Umazi alikuwa malishoni na ng'ombe, wala sina baya la kumsingizia. Nilimwona jioni, ni mtu mpole. Lakini maisha mazima ya mtu yaliamuliwa kwa kutikisa kichwa, na hakuna tupa inayonoa jino lililokwisha kuvunjika.

Umazi aliuweka mchi chini. Nilidhani atatufukuza. Alivuta kigoda akakiweka karibu na babake, magoti yakagusana, akaanza kumweleza mtoto alivyokuwa: alivyoanza kutembea kabla ya wakati, alivyoogopa jogoo, alivyokataa kulala bila leso ya mamake. Alisema akimtazama, na pale mzee alipokunja uso, alirudia. Jua lilishuka wakiwa bado pale. Nilikwenda nikakaa mbali, nikawaacha.

Neno moja nililisikia kwa sababu mzee alilisema kwa nguvu, kama viziwi wasemavyo wakijisahau. Aliuliza, "Sauti yake ilikuwaje?"

Umazi akasema, "Nyembamba. Kama ya mama."

Mzee akainamisha kichwa. Sauti ile aliijua. Aliipata angali na masikio, na nadhani ilikuwa moja ya chache alizobaki nazo. Hapo ndipo alipolia.

Asubuhi alionyeshwa kaburi, kilima kidogo chenye miiba juu yake ya kuzuia mbuzi. Akasimama hapo mpaka alipotosheka. Kisha tukarudi.

Njiani alinikaripia, na ndilo karipio nililolibeba maisha yangu yote. Tangu siku ya kwanza alikuwa amenipa usufi wa kuziba masikio tunapokata, nami niliuvaa siku mbili nikauacha, kwa sababu vijana wenzangu walinicheka, wakasema pamba masikioni ni ya maiti.

"Salimu," akaniambia, "mimi hakuna aliyenionya. Wewe umeonywa. Lakini hilo ni dogo. Mashine ilinichukulia nusu ya masikio, nusu ya pili niliitupa mwenyewe kwa kutikisa kichwa. Niliona haya kusema rudia. Haya ile imeninyima mke wangu siku zake za mwisho, imeninyima binti, imeninyima mjukuu. Mimi niliogopa kuitwa kiziwi, wakaniita mwenye kiburi. Kipi kilikuwa bora?"

Nilimwambia nitavaa usufi, na nikauvaa.

Baada ya hapo alijifunza kusema, "Rudia, sikusikia." Alilisema kwenye tanuri la mikate, alilisema kwa wachoma chokaa. Usidhani dunia ilimfungulia mikono. Wengine walimcheka, wengine walimpigia kelele kama mtu anayefukuza mbuzi, na wengi hawakuwa na subira ya kusema jambo mara mbili. Wawili watatu tu ndio waliokuja kukaa naye. Upweke wa miaka hauondoki kwa neno moja, mwanangu. Huondoka kama kutu, kwa kusuguliwa kila siku, na doa hubaki. Lakini Umazi alikuwa akija, na kila akija alikaa magoti kwa magoti. Mwishowe alimchukua babake akakae naye Mwangulu, na huko ndiko mzee alikozikwa. Misumeno yote miwili aliniachia mimi.

Niliitumia miaka mingi. Nilipata wenzangu wa kushika mpini wa mbele, mmoja baada ya mwingine, na mmoja baada ya mwingine waliondoka, hoteli za Diani na Galu zikawameza, maana huko mtu hulipwa akiwa amevaa shati jeupe. Siwalaumu. Mwisho nilibaki na mashine ya watu wawili na mtu mmoja. Nikawa naisafisha tu, naiwasha mara moja moja ili isigande, naizima, nasikia kimya kinavyorudi.

Usufi ulinisaidia, haukuniponya. Mngurumo mwingine hupitia mifupani. Mke wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyegundua kwanza. Jioni moja aliponisemesha nikatikisa kichwa, alinishika kidevu akanigeuza uso, akaniuliza kama nimesahau niliyomsimulia juu ya Mzee Mwero. Tangu siku ile alinirudia kila kitu: habari za redio, za majirani, hata utani. Sasa hayupo wa kunirudia. Barazani watu hucheka, nami naona meno yao. Siku nyingine nauliza wamesema nini, wananiambia si kitu, mzee. Si kitu. Neno hilo, mwanangu, ndilo mlango unaofungwa usoni mwa mtu bila kishindo.

Basi msumeno uchukue, ni wako, na ule mama yake pia. Usiuwashe kabla hujalisafisha chujio na kuitazama plagi. Petroli usiitie bila oili, itaua injini kabla ya adhuhuri. Mnyororo usiulegeze ukaruka, wala usiukaze ukakatika. Uwe unavutika kwa vidole viwili. Usiache jino moja butu ukasema mengine yatafidia, maana msumeno utakata kwa kupinda na wewe utaulaumu mti. Kata kikavu, kilichoanguka, kilichozeeka. Usikate peke yako, hata ukijiona una nguvu za ng'ombe. Na masikio yako yazibe tangu siku ya kwanza, waache wacheke. Wanaocheka hawatakuja kukuazima yao.

Hayo ni ya chuma. Ya watu ni haya. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami sikatai. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo huvunja guu la mwingine, na hilo halina methali. Usitikise kichwa kwa jambo usilolielewa, si kwa mke, si kwa mtoto, si kwa bosi. Kuuliza si ujinga, na kuulizwa tena si tusi. Ukiambiwa rudia, rudia, kwa sauti ile ile, uso kwa uso, bila kuvuta pumzi ya uchovu. Na ukimwona mtu ambaye kila mmoja anamwita mwenye kiburi, msogelee kwanza umsemeshe kwa karibu, kabla nawe hujamwita hivyo.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali na mikono mizima ya kuitafutia. Akujaalie nyumba yenye makelele, na umri mrefu wa kuyasikia. Na siku utakapopungukiwa na chochote, kama sote tunavyopungukiwa, akupe ulimi wa kukisema mapema, na mtu wa kukaa karibu nawe akusikilize. Amina.